Mjomba, mjusi niliyekabidhiwa hataki kula

SWALI

Shikamoo Mjomba,

Siku tisa zilizopita tuliletewa mjusi mwenye ndevu, dume la miaka mitano, anaitwa Sultani. Aliyekuwa naye alikuwa anahamia nyumba isiyoruhusu wanyama, akawa anatafuta mtu wa kumwachia, nami nikakubali. Nilikwenda kumwona kabla hajaja kwetu. Nilimkuta amejilaza juu ya gogo lake chini ya taa, akachukua panzi mkononi mwa mwenyewe, kisha akampanda begani na kutulia huko. Nikasema moyoni, huyu mpole, watoto watampenda.

Nilijiandaa, Mjomba, sikumchukua kiholela. Kizimba chake cha zamani kilikuwa kidogo na kimechakaa, nikanunua kipya cha kioo pande zote, urefu sentimita 120, kimo 60. Chini nikamwagia mchanga laini badala ya vigae alivyozoea, nikaweka pango la jiwe na mimea ya plastiki. Gogo lake lilikuwa chafu, nikalitupa stoo. Taa ya joto ni mpya. Ile ndefu ya UVB, ya kumpa miale kama ya jua, ni yake ya zamani, nimeilaza juu ya wavu wa kufunikia. Usiku namwashia taa nyekundu asipate baridi. Kipimajoto nilichobandika kwenye kioo upande wa joto kinasoma nyuzi 33. Kizimba nimekiweka katikati ya sebule ili asiwe mpweke.

Siku ya kwanza aliinua mkono mmoja na kuuzungusha taratibu kama mtu anayepunga. Wanangu, mmoja wa miaka minne na mwingine tisa, walifurahi mno, wakampungia na wao. Tangu hapo hali imezidi kuwa mbaya. Anakwaruza kioo kwa miguu ya mbele kama anayetaka kutoka, akichoka anajibanza nyuma ya pango na kufumba macho. Ndevu zimekuwa nyeusi tii, na tumboni ametoka michirizi ya kijivu ambayo sikuiona kule alikotoka. Kila siku nikirudi kazini, kama saa mbili usiku, namtoa tunampakata kwa zamu ili atuzoee, kisha namwekea nyenje na majani. Hagusi. Juzi alimtanulia mdomo mwanangu mkubwa.

Nimempima kwa mizani ya jikoni. Siku ya pili alikuwa na gramu 430, jana gramu 421. Hajapata choo tangu siku ya nne. Ndugu yangu mmoja ananisisitiza nimpanue mdomo nimlishe kwa bomba la sindano kabla hajafa. Mume wangu anasema mjusi anamlilia mwenyewe, tumrudishe, lakini huyo mwenyewe hana pa kumweka. Usingizi sipati. Je, ni kweli anaomboleza? Nimlishe kwa nguvu? Nimekosea wapi?

Mama wa watoto wawili

JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Usimlishe kwa nguvu. Nalitanguliza hilo kwa sababu usiku mmoja wa hofu unaweza kukushawishi. Mjusi mwenye ndevu ana tundu la pumzi mdomoni, kwenye shina la ulimi, na anayemimina chakula bila kujua anaweza kukipeleka mapafuni. Taya la mjusi ambaye madini ya kalsiamu yamepungua mwilini huvunjika kwa kubanwa kidogo tu. Na hata kama chakula kingefika tumboni salama, tumbo lisilo na joto la kutosha halisagi, kinabaki humo kikiharibika. Kama itafika siku ya kulishwa, atalishwa na daktari wa wanyama anayewajua reptilia.

Sasa tazama mizani yako. Kutoka gramu 430 hadi 421 ni upungufu wa gramu 9, kama asilimia 2. Mjusi mzima mwenye afya aliyehamishwa anaweza kukaa wiki moja, mbili, hata zaidi bila kula na asidhurike. Kwa huyu wako, mpaka wangu ni gramu 387, yaani upungufu wa asilimia 10 ya uzito aliokuja nao. Akiufikia, safari ya kwa daktari haingoji kesho. Mpime mara moja tu kwa wiki, asubuhi, kwenye kasha lenye mfuniko ili usihangaike kumshika. Na hiyo mizani ya jikoni mtafutie nyingine, nitakueleza kwa nini.

Umeniuliza kama anaomboleza. Mimi naiona hivi: Sultani alikuwa akijua gogo liko wapi, jua lake linawaka saa ngapi, mkono gani unaleta panzi na unaingilia upande upi. Vyote hivyo vimeondoka siku moja. Ule mkono alioinua na kuuzungusha haukuwa salamu. Mijusi hawa hufanya hivyo mbele ya mkubwa wanayemwogopa, ni namna ya kusema “nimekuona, sitaki ugomvi, usinidhuru.” Watoto walipompungia, mnyama aliyekuwa akiomba amani alijikuta mbele ya viumbe wakubwa wanaorusharusha mikono. Ndevu nyeusi na michirizi ya tumboni ni lugha ileile ikiongea kwa sauti kubwa zaidi. Na kutanua mdomo kwa mtoto maana yake maneno yake yote mengine hayakusikilizwa. Hilo lilinichoma niliposoma, kwa sababu nanyi mlikuwa mkimpa upendo kweli.

Ila mpwa wangu, kabla ya moyo wake tushughulikie joto lake. Ningekuwa hapo kwako, ndilo jambo ningeligusa kwanza.

Kiumbe huyu asili yake ni nyanda kame za ndani ya Australia. Hana moto wa mwili kama sisi, anaukopa kwenye jua na mawe. Mwili wake unafanya kazi vizuri ukifika karibu nyuzi 35, na ili afike huko, pale anapolaza tumbo panatakiwa pawe na nyuzi 38 hadi 42. Si hewa ya jirani, ni uso wa jiwe au gogo lenyewe. Kipimajoto chako cha kubandika kinapima kioo na hewa inayokigusa. Kikisoma 33, jiwe linaweza kuwa na 30 au hata 50, hakikuambii. Nunua chenye waya na kichwa cha kupimia ukilaze juu ya gogo, au kile cha kuelekeza kama bastola.

Nina dhana ya kilichotokea. Kizimba cha zamani kilikuwa kidogo, taa ilikuwa karibu na mgongo wake. Wewe kwa wema ukampa nyumba yenye kimo cha sentimita 60, na taa ikaenda mbali naye. Amekaa siku tisa kwenye jua la saa kumi na mbili jioni, ndiyo sababu hali chakula, hapati choo na amekunyata. Mwinulie mahali pa kuota joto mpaka kipimajoto kisome ninavyokuambia, na uhakikishe kuna nafasi isiyopungua urefu wa mwili wake kati ya mgongo na taa asije akaungua. Upande wa pili ubaki na nyuzi 24 hadi 28 apate pa kupoa. Weka themostati inayopunguza nguvu ya taa, usitegemee kuwasha na kuzima kwa mkono. Siku utakayomwona amelala juu ya gogo mdomo wazi kidogo, ametulia, furahi. Hapo amepata joto la kumtosha na anapunguza la ziada. Mdomo wazi wa kuogopesha ni ule wa mjusi aliye upande wa baridi, anayevuta pumzi kwa shida au mwenye ute puani.

Taa nyekundu zima leo. Macho yake yanaona rangi nyingi kuliko yetu, wekundu huo kwake ni mwanga, na amekaa usiku tisa bila giza. Usiku wa nyuzi 18 hadi 22 haumdhuru hata kidogo. Chumba kikishuka chini ya hapo, tumia kipasha joto cha kauri kisichotoa mwanga. Taa za mchana ziwake kwa muda wa saa 12 hadi 14, kila siku kwa saa ileile, na kifaa cha kuzipangia muda ni bora kuliko kumbukumbu ya mtu anayetoka kazini amechoka.

Halafu ile taa ndefu. Taa ya UVB huendelea kung’aa machoni petu muda mrefu baada ya miale yenyewe kufifia. Miale hiyo ndiyo inayoiwezesha ngozi yake kutengeneza vitamini D3, na bila D3 kalsiamu anayokula inapita tu. Mifupa hulainika, taya huvimba, miguu hutetemeka. Kama mwenyewe wa zamani hana tarehe ya kuinunua, ichukulie imekufa. Nunua ya T5, yaani ile ya bomba jembamba, yenye alama ya asilimia 10 hadi 12, urefu wake ufunike nusu ya kizimba au zaidi, kuanzia upande wa joto. Ifunge ndani, chini ya wavu, maana wavu hula sehemu kubwa ya miale. Umbali wa sentimita 30 hadi 40 kutoka mgongoni ndio wa kawaida kwa taa ya namna hiyo, lakini fuata maelezo ya pakiti yake, kisha ibadilishe kila mwaka. Na usidanganyike na jua la dirishani, kioo huizuia miale hiyo.

Mchanga uondoe, rudisha vigae vyake au tandika karatasi. Mjusi mwenye baridi, asiyekunywa, asiyepata choo, hahitaji kulamba mchanga. Tena mwezi huu wa kwanza unahitaji kuona kila kinachomtoka: kinyesi cha kahawia chenye umbo, na pembeni yake kile cheupe ambacho ndicho mkojo wake. Cheupe kikiwa cha manjano iliyokolea au rangi ya chungwa, amekaukiwa maji. Wengi wao hawayatambui maji yaliyotulia bakulini, kwa hiyo mdondoshee matone kwenye ncha ya pua asubuhi na umwache ayalambe. Baada ya joto kukaa sawa siku tatu, kama bado hajapata choo, mwogeshe mara moja kwenye maji ya vuguvugu yasiyozidi mabega yake, dakika 10 au 15, macho yako yasimwache.

Nenda stoo ukalete lile gogo. Usilisugue kwa sabuni. Lina harufu yake, lina alama za kucha zake, na ndilo kitu pekee atakachokitambua katika nyumba yako yote. Lifute vumbi, kama kuna kinyesi kiondoe, basi. Mpigie na aliyekupa mjusi umuulize mambo ambayo pengine hakuona umuhimu wa kukuambia: alikuwa anakula saa ngapi, wadudu gani, kwenye bakuli au mkononi, alipimwa lini na daktari, amewahi kulala msimu mzima? Mijusi wazima baadhi yao hupunguza mwendo miezi ya baridi, wakala kidogo na kulala majuma. Ila kwa mgeni ambaye kinyesi chake hakijapimwa, usiseme “amelala msimu” ukaridhika. Mgonjwa naye hulala.

Muulize pia aliwahi kuthibitisha vipi kuwa ni dume. Chini ya mkia, pale unapoanzia, dume huwa na vivimbe viwili vyenye bonde katikati. Nauliza kwa sababu jike hutaga hata bila kukutana na dume, na jike mwenye mayai hukwaruza, hahangaiki na chakula na anahitaji kasha la mchanga wenye unyevu wenye kina cha kumtosha kuchimba. Mayai yakikwama ni hatari ya maisha.

Kuhusu kioo. Katikati ya sebule ni barabarani kwa mnyama huyu. Hana upweke mnaomdhania, wazima hawa huishi vyema kila mmoja peke yake, na usije ukamtafutia mwenzi, watapigana. Kisukume kizimba ukutani, bandika karatasi nene kwa nje pande tatu, abakiwe na upande mmoja wa kutazama. Jioni sebule ikiwa na giza na kwake kunawaka, kila kioo kinageuka kuwa mjusi mwingine mwenye ndevu nyeusi anayemkodolea macho. Nusu ya kukwaruza kule kunaweza kuisha kwa karatasi hiyo tu.

Hayo yote yafanye asubuhi moja, ukiwa na nafasi, usiyatawanye siku tano. Kila badiliko kwake ni kuhama upya. Baada ya hapo kwa siku saba msimtoe kabisa, isipokuwa kwa kule kuogeshwa mara moja kama itabidi. Mkono uingie kwa chakula, maji na usafi tu. Najua hili ndilo litakalokuuma, kwa sababu ulitaka awazoee. Jike wa kwanza niliyemrithi alikuwa na miaka sita, na nilimtoa kila siku kwa imani hiyohiyo yako. Alikaa siku 17 bila kula. Siku ya 18 nilikuwa nimesafiri, hakuna aliyemgusa, na niliporudi bakuli lilikuwa tupu. Sijaisahau bakuli ile.

Wiki ikiisha, anza kwa kukaa karibu na kizimba ukifanya shughuli zako, bila kumkazia macho. Kisha laza kiganja chini ndani ya kizimba, mbali naye kidogo, kitulie. Usimjie kwa juu. Utosini ana kitu kama jicho la tatu, haliioni sura yako lakini linahisi kivuli, na kule kwao kivuli kinachoshuka ni mwewe. Ingia ubavuni, pitisha mkono chini ya kifua, hakikisha miguu yote minne na tumbo vina pa kuegemea. Dakika tano zatosha. Ndevu zikianza kuwa nyeusi mrudishe, bila kumlazimisha amalize dakika zake.

Mtoto wa miaka minne asimshike. Reptilia wenye afya kabisa hubeba bakteria wa salmonela, na walio chini ya miaka mitano huumizwa nao zaidi. Atazame, ampe jina la utani, achore picha yake. Wa miaka tisa atashika baadaye, ukiwepo, na kila anayemgusa au kugusa vyombo vyake anawe kwa sabuni. Bakuli lake, beseni lake na mizani yake visipite jikoni. Ndiyo sababu yangu ya ile mizani.

Chakula nimekiacha nyuma kwa makusudi. Mpe asubuhi, saa moja au mbili baada ya taa kuwaka na yeye keshapata joto, si saa mbili usiku wakati taa zinakaribia kuzimwa na tumbo linaelekea kupoa. Mzima wa umri wake anahitaji majani zaidi, wadudu kama sehemu moja kati ya tano: sukumawiki, majani ya haradali, boga lililokwaruzwa, na wadudu wasiozidi upana wa nafasi iliyo kati ya macho yake, waliopakwa unga wa kalsiamu. Spinachi isiwe chakula cha kila siku, maana huifunga kalsiamu asiipate. Parachichi ni sumu, na vimulimuli huua, hata mmoja. Usimwokotee wadudu nje, huenda wamepita kwenye dawa. Na wasiolika watoe kabla ya usiku, nyenje wenye njaa humng’ata mjusi aliyelala. Kwa siku hizi za mwanzo, kama alizoea wadudu watupu, mpe hao alivyozoea. Majani yawepo kila asubuhi hata akiyadharau, mafunzo ya lishe yatangoja awe anakula.

Daktari wa wanyama mtafute hata akianza kula kesho. Mjusi aliyehama hupimwa kinyesi, maana minyoo na vijidudu vya utumbo ambavyo mwili ulikuwa ukivimudu huongezeka mnyama anapotaabika. Chukua kinyesi kipya cha kwanza atakachotoa, kiweke kwenye kichupa safi. Lakini ukiona macho yamezama, miguu inatetemeka au inaburutwa, taya limelegea, damu kwenye kinyesi, au hawezi kuinua kifua chake kutoka chini, usingoje kinyesi wala gramu 387. Mpeleke siku hiyohiyo, ndani ya kasha lenye giza na joto.

Usimrudishe. Asingekwenda kwa mwenyewe, angekwenda kwa mtu wa tatu, na huko angeanza tena siku ya kwanza.

Rekebisha mambo Jumamosi asubuhi, kisha Jumamosi inayofuata mpime na uniandikie namba mbili: gramu zake, na nyuzi zilizosomwa juu ya gogo. Nitakuwa nazisubiri.

Mjomba